Boksi la Chini ya Sinki

Soweto, Mbeya
2 Julai 2024

Eveline,

Salamu nitaziacha mwisho, kama zitapatikana.

Mimi ni Tusekile, yule uliyekaa naye maabara miaka yote hiyo ukimimina chai kutoka chupa yangu. Naandika kwa mkono kwa sababu namba yako haipatikani tangu uhamie Mafinga, na kwenye grupu la kazini ulijitoa bila kuaga. Bahasha hii nampa shangazi yako Marta, yule wa viazi hapa sokoni, aipakie kwenye basi. Nimeizungushia plasta ya hospitali. Ukikuta imebanduliwa uniambie.

Hali yangu ni hii. Nyonga imevunjika na imewekwa vyuma. Natembea na magongo kutoka kitandani hadi mlangoni, nikifika mlangoni napumzika. Ile trei niliyoanguka nayo ilikuwa na damu za wodi nzima, na uliona jinsi slaidi zilivyonikata kiganja, kwa hiyo nimemeza dawa za kinga ya VVU mwezi mzima, zile zinazokutapisha hata uji. Kipimo cha kwanza kimetoka salama. Cha mwisho bado. Baba Ipyana amehamia chumba cha watoto, anasema ananipisha nilale vizuri. Sijamuuliza zaidi.

Sasa nisikilize. Faili langu la fidia limekwama kwa katibu wa hospitali. Katibu huyo, Shedrack, anasema yuko shahidi aliyesema kwamba asubuhi ile niliingia maabara na viatu vyangu vya nje, sikuvua mlangoni nikavaa malapa ya maabara kama utaratibu unavyotaka. Maana yake nilianguka kwa uzembe wangu, na fidia nisahau, na kazi labda nisahau pia. Asubuhi ile tulikuwa wawili tu mle ndani. Mimi sijajisemea hivyo. Amebaki nani?

Na liko jambo la boksi. Unajua kwamba tangu bomba la sinki lianze kuvuja tunatandika boksi la glovu pale chini ili linywe maji, na sote tunakanyaga hapo tukipita na trei. Mimi nilikuwa nakanyaga bila hata kuangalia, mguu wenyewe ulishazoea. Siku ile mguu ukakuta maji matupu. Nilipokuwa nimelala pale, shavu kwenye sakafu ya terazo, nililiona boksi limesimamishwa ukutani kando ya friji. Boksi halijisimamishi. Na wewe ulipotoka stoo ukanikuta, jicho lako la kwanza halikuja kwangu, lilikwenda kwenye boksi. Nililiona hilo jicho, Eveline.

Nani aliliondoa? Nataka jibu la maandishi lenye sahihi yako. Na ukiwa unaandika, niambie pia uhamisho wako ulipitia mlango gani, maana wenzako wanaomba miaka na miaka hawapati, wewe ukaupata hata mshono wangu haujakauka.

Tusekile, mama Ipyana


Mafinga
13 Julai 2024

Dada Tusekile,

Kamwene. Nakusalimia mimi kwanza, kwa sababu kwetu mtu hasomewi mashtaka kabla ya salamu.

Barua yako imefika. Plasta ilikuwa imebanduliwa upande mmoja, kisha ikabandikwa tena. Sijui aliyefanya hivyo ni nani, na kusema kweli sijui hata kama si wewe mwenyewe uliyemwonyesha mtu mwingine kabla haijanifikia. Barua ile haifanani na wewe. Dada Tuse ninayemfahamu mimi hasemi "jibu la maandishi lenye sahihi yako". Kuna mtu anakaa pembeni ya kitanda chako akikuambia cha kuandika?

Nauliza kwa sababu siku naondoka Mbeya, katibu alinipigia. Akasema umekwisha kunishtaki, na nikipokea chochote kutoka kwako nisijibu, nitajifunga mwenyewe. Ndiyo maana nilibadili laini. Naona nimefanya kosa hata kukuandikia hii.

Mimi sijasema chochote kuhusu viatu vyako. Hakuna aliyeniuliza viatu. Niliulizwa kama nilikuona ukianguka, nikajibu sikukuona, nilikuwa stoo. Ni kweli nilikuwa stoo.

Nakaa kwa kaka yangu Silvester, yule anayepasua mbao. Kituo cha afya nilikopangwa ni cha kanisa, maabara yake chumba kimoja, na bado niko kwenye miezi ya kuangaliwa. Baridi ya huku inapenya soksi. Mtaa mzima unanuka mbao mbichi, na asubuhi harufu hiyo inanigeuza tumbo, chai nainywa saa nne. Kaka ananichotea maji, hataki nibebe ndoo.

Kuhusu boksi sina la kusema. Lile boksi lilikuwa baya kuliko maji yenyewe. Linateleza na mtu juu yake, linavuta mguu mmoja na kuuacha mwingine, unashuka kwa kiuno. Halikupaswa kuwekwa tangu mwanzo.

Pole sana kwa nyonga, dada, na kwa dawa. Naomba tuishie hapa. Sweta langu la kijani, lile kubwa, lilibaki kabatini maabara. Mercy wa maabara akiweza kulituma nitashukuru. Haya mengine yananibana.

Eveline


Soweto, Mbeya
25 Julai 2024

Eveline,

Pembeni ya kitanda changu kuna ukuta. Ukuta haujanisomea chochote.

Nimesoma barua yako hadi karatasi imelegea. Sentensi moja imenikaa. Umejuaje kwamba boksi linavuta mguu mmoja na kuuacha mwingine? Mimi sikuteleza juu ya boksi. Niliteleza kwa sababu boksi halikuwepo. Miezi yote tuliyolitandika, hakuna aliyewahi kuangukia pale. Sasa wewe unanieleza jinsi linavyoangusha, hatua kwa hatua, mpaka kiuno. Mtu anayejua hivyo ni mtu aliyekaa akalifikiria.

Nami nimekaa nikafikiria. Usimamizi wa maabara ulikuwa unanijia mwezi huu wa saba, kila mtu alijua. Baada yangu anayefuata ni wewe. Sikutaka kuwaza hivyo. Nilikuwa nakuita mdogo wangu mbele za watu, na ulipofiwa na mama nililala msibani kwenu Iringa siku zote mpaka matanga yalipoondolewa. Lakini nikilala chali usiku na mchana, naangalia dari, unadhani nitawaza nini?

Shedrack alikuja juzi na mfuko wa maparachichi na karatasi iliyochapwa. Nikamuuliza kwa nini alikuambia nimekushtaki wakati sijafanya hivyo. Akacheka, akasema wewe ndiye unayemsingizia. Sasa mmoja wenu ananidanganya, na yeye walau alikuja mpaka kitandani. Karatasi yake inasema kwamba boksi liliondolewa kwa makusudi na mfanyakazi mwenzangu kwa sababu ya cheo. Ya viatu ameyafuta. Anasema nikiweka sahihi, hospitali haina kosa, mimi sina kosa, na faili langu linaondoka siku hiyo hiyo.

Sijaweka. Nimemwambia aiache mezani. Nakupa mpaka tarehe saba Agosti uniambie kwa mkono wako nani aliliondoa boksi na kwa nini. Kama si wewe, sema si mimi. Hata hilo hujalisema, Eveline. Barua nzima hujasema "si mimi".

Sweta Mercy amelituma. Sijui huko Mafinga mnakula nini hadi nguo ziwabane.

Tusekile


Mafinga
4 Agosti 2024

Dada Tuse,

Ni mimi niliyeliondoa.

Nimekaa siku nyingi na mstari huo peke yake kwenye karatasi. Sasa naandika yote, halafu ufanye utakavyoona.

Jioni ya kuamkia siku uliyoanguka wewe, mimi nilianguka. Ulikuwa umeshaondoka, mlango wa nje nimeufunga, nabeba ndoo ya takataka za sindano. Nilikanyaga boksi kama tunavyokanyaga siku zote. Lilikuwa limelowa chini na kavu juu, likaondoka na mguu wangu wa kulia. Nilidondokea kiuno nikabaki nimekaa kwenye maji, nimekumbatia tumbo. Dada, nilikuwa na mimba ya miezi mitatu. Baba yake yuko Tunduma, na simu hapokei.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Nisemee wapi? Ningekwenda kwa daktari angeniandikia picha ya eksirei, na mwanamke hapigwi picha kabla ya kupimwa mkojo. Mkojo unapimwa wapi? Kwetu. Na zamu ya kesho yake ilikuwa ya nani mezani? Yako. Ningekuletea kikopo chenye jina langu, upime, uandike, na kabla ya chai hospitali nzima ingejua. Sisemi kwamba ungesema wewe. Lakini unafahamu majibu ya wafanyakazi wenzetu yanavyotembea mle ndani, tumeyaona yote, na sisi wenyewe tumewahi kucheka. Na hospitali ni ya kanisa. Binti wa maabara ana mimba bila ndoa, mkataba unaishia hapo. Nikajifuta, nikaenda nyumbani, usiku kucha nasikilizia kama damu inatoka.

Haikutoka. Asubuhi nikawahi kabla yako kwa ajili ya boksi hilo tu. Nikaliinua nikalisimamisha ukutani. Niliona chini yake maji yamejaa, nikaenda stoo kuchukua dekio nikaushe. Dekio halikuwa mahali pake, nikalitafuta. Ndipo nikasikia trei.

Nilipotoka nikakuona chini, na nikaliona boksi pale ukutani. Ndilo jicho uliloliona. Nilikuwa nataka asianguke mtu mwingine, na nimekuangusha wewe. Nisingenyamaza jioni ile, ungepita pembeni. Hilo najua, huna haja ya kuniambia.

Uhamisho niliuomba mimi. Niliogopa tumbo litaonekana pale, na niliogopa kukuangalia. Katibu alinipa upesi kuliko nilivyotarajia, sikuuliza kwa nini. Sasa naona alitaka niwe mbali.

Ukiitumia barua hii, hapa Mafinga wakajua, kazi itakwenda. Sijawaambia. Ninavaa sweta la kijani kila siku, na baridi inanisaidia. Sikuombi unifiche. Nakuomba tu usiamini kwamba nilikuwa nakitaka cheo chako.

Mdogo wako,
Eveline

Sibandiki plasta. Atakayeisoma na asome.


Soweto, Mbeya
9 Agosti 2024

Eveline,

Tarehe saba imepita. Nilimtuma Ipyana kwa shangazi yako asubuhi na jioni, tarehe sita na tarehe saba, anarudi mikono mitupu.

Nimeelewa. Mtu asiye na hatia angeandika hata mstari mmoja.

Jana nimeweka sahihi. Shedrack ameichukua karatasi mwenyewe. Nakuambia ili usije ukasema nilikuzunguka.

Tusekile


Soweto, Mbeya
17 Agosti 2024

Eveline, mdogo wangu,

Barua yako ya tarehe nne imenifikia leo. Kondakta aliishusha Chimala pamoja na mizigo ya watu wa mchele, ikakaa dukani kwa mtu mpaka mwenye duka aliposoma jina na namba ya Marta na kumpigia. Shangazi yako kaja nayo mwenyewe, anahema. Na amekiri kwamba ile ya kwanza ni yeye aliyeibandua. Alidhani ni barua ya mwanaume, akataka amjue. Nikamuuliza mwanaume gani, akaanza kunieleza bei ya viazi. Sasa najua kwa nini.

Nimeisoma nikiwa nimesimama na gongo moja, na nikashindwa kukaa.

Nilisema mtu anayejua jinsi boksi linavyoangusha ni mtu aliyelifikiria. Kumbe ni mtu aliyeangushwa. Sisi tunaokaa na darubini kutwa, na hilo sikuliona. Kichefuchefu asubuhi, ndoo huruhusiwi, nguo zinabana, mimi nakutania chakula. Ningekuwa mzima ningekugundua kwa kukutazama mara moja mlangoni. Nilikuwa na hasira, na hasira ilinipa jibu mapema.

Liko la pili, nalo linaniumiza zaidi. Hujaligusa hata kidogo, sijui kwa heshima au kwa kusahau. Nani alilileta boksi pale? Ni mimi. Bomba lilipoanza kuvuja, nilisema kwenye kikao cha asubuhi, Shedrack akasema fundi anakuja. Fundi hakuja. Nikachana boksi la glovu nikatandika, nikakuambia, "Tukanyage hapa." Mkawa mnakanyaga kwa sababu mimi ndiye mkubwa. Kila likilowa nilikuwa natandika jipya. Ningeacha maji yaonekane, watu wangelalamika, na labda fundi angekuja. Nilimfichia Shedrack aibu yake kwa boksi langu mwenyewe, kisha nikamsainia.

Leo hii nimekwenda ofisini kwake. Baba Ipyana alikodi bajaji, akanishika mkono hadi ngazini. Nikamwambia Shedrack nataka karatasi yangu. Akasema imekwishatumwa kwenye mfuko wa fidia, na nakala imekwenda Mafinga kwa mkuu wako ili "achukue tahadhari". Alisema kwa upole, kama ananiuliza hali. Nikamwambia niliyosaini si kweli. Akasema mtu anayebadili maelezo baada ya kusaini hupoteza yote, fidia na kazi, nikafikirie watoto.

Nafikiria watoto. Wa kwangu na huyo wako.

Sikuombi uandike ushahidi. Najua gharama yake ni ipi. Nimekuandikia ili nakala ikifika, usikutwe hujui.

Tusekile


Mafinga
28 Agosti 2024

Dada Tusekile,

Nakala ilifika kabla ya barua yako. Kwa hiyo nilikutwa sijui.

Mama Tekla, mfawidhi wetu, aliniita mbele ya wawili wa kamati. Akasoma kwa sauti kwamba mimi ni mtu wa kuangusha wenzangu kwa ajili ya vyeo. Sahihi yako nikaitambua, ile T yenye mkia. Unajua nilichofanya? Nilivua sweta. Nikasimama na tumbo langu mbele yao nikawaeleza yote, kuanguka kwangu na kuanguka kwako. Mmoja wa kamati akaangalia dirishani muda wote. Nimeambiwa nisubiri nyumbani wakae kikao.

Nimekasirika, na sitakuficha. Husemi kweli ukisema ulisaini kwa sababu barua ilikwama Chimala. Ulikuwa umeshaamini kabla hujaanza kuniandikia. Barua yako ya kwanza haikuniuliza, ilikuwa inanisubiri nijikwae. Ulilala msibani kwetu, ukaniosha uso siku tunamzika mama, halafu jicho moja nililolitupa kwenye boksi likatosha kufuta hayo yote. Nimelia kwa hilo kuliko kwa kazi.

Nami sikuwa bora. Nilikudhania unatumiwa na katibu. Ningekuja kukuangalia hospitali ulipolazwa, hata nikae kimya kando ya kitanda, tusingefika huku.

Maelezo yangu nimeandika, mkono wangu na sahihi yangu. Ndani yake nimesema ulivaa malapa ya maabara, yale ya bluu ambayo soli imeisha ikawa laini kama sahani, na kwamba sote tunavaa hayo hayo kwa sababu hayajawahi kununuliwa mengine. Nimesema kuhusu bomba, na kikao cha asubuhi, na nani aliahidi fundi. Nimesema nilianguka jioni ile na sikusema, na kwa nini. Nimepeleka mwenyewe ofisi ya mfuko wa fidia Iringa mjini, nikasubiri wagonge muhuri mbele yangu. Sikutaka ipitie mezani kwa Shedrack, na naomba unisamehe, sikutaka ipitie kwako pia.

Sijafanya kwa ajili yako peke yako. Huyu anayecheza tumboni nilimkumbatia nimekaa kwenye yale maji. Siku moja akiniuliza, nisiwe na kitu cha kumficha.

Tumbo linaendelea vizuri. Silvester anatengeneza kitanda cha mtoto, anakipima kila siku kama mbao zinaweza kubadili mawazo.

Eveline


Soweto, Mbeya
22 Septemba 2024

Eveline,

Kipimo cha mwisho kimetoka salama. Baba Ipyana alipolisikia hilo akabeba mto wake arudi chumbani. Nimemwambia aendelee kukaa na watoto kidogo, ananipisha nilale vizuri.

Marta ameniambia kanisani wamekutenga na kazini wamekurudisha. Bora hivyo kuliko kinyume chake. Kanisani utarudi baada ya kujifungua, mchungaji naye ana binti. Amesema pia kwamba mama Tekla ndiye aliyekutetea kwenye kikao. Usimwamini moja kwa moja hata hivyo. Muulize anataka nini. Samahani, nimezoea vibaya.

Nikuambie yaliyotokea juzi Ijumaa.

Mkaguzi wa mfuko wa fidia alikuja, mama mmoja mfupi, anatembea na begi la mgongoni kama mwanafunzi. Shedrack akanikaribisha niwepo, akijua kwamba sahihi yangu iko kwenye karatasi yake. Nikaomba tuanzie maabara. Miezi yote hiyo sijaingia mle. Nikavua viatu mlangoni, Mercy akanisogezea malapa, yale yale ya bluu. Nikayageuza nikamwonyesha mkaguzi soli. Akapitisha kidole.

Tukaenda kwenye sinki. Na pale chini, Eveline, palikuwa na boksi. Jipya, la glovu, limechanwa vizuri na kutandikwa. Mercy kalitandika. Hakuna aliyemfundisha zaidi ya mimi. Nilihisi nyonga inavunjika upya.

Nikamwambia mkaguzi kwamba nilisaini uongo, na kwamba wa kwanza kuliweka boksi pale ni mimi, na kwa nini. Nikasema aliyeliondoa alikuwa ameanguka kabla yangu na alitaka asianguke mwingine. Akasema maelezo yako anayo kwenye begi. Shedrack akaingilia, taratibu kama kawaida yake. Akasema hawa ni marafiki, wamepatana maneno. Akasema maji pale ni matone tu, boksi linatosha, watu wenye uangalifu wanapita juu yake kila siku bila shida, hata yeye hupita.

Alikuwa ametangulia ndani tukiwa bado mlangoni na malapa, akasimama upande wa dirisha. Mlango uko upande wetu. Kati yake na mlango ni lile boksi, na pembeni yake meza ya darubini imebana njia.

Nikamwambia, "Basi pita, katibu. Twende ofisini tukamalizie."

Akaliangalia boksi. Mkaguzi akamwangalia yeye. Mercy akaacha alichokuwa anafanya. Mtu mzima na suti yake, akakunja mguu wa suruali, akajibana kati ya meza na ukuta, akashika darubini isidondoke, akapita ubavu ubavu mpaka akatokea kwetu. Hakulikanyaga.

Mkaguzi akafungua begi akatoa kalamu. Jana nimepigiwa simu kwamba faili langu limeingia kama ajali ya kazi, na la kwako limefunguliwa pia. Ndiyo, la kwako. Ulianguka kazini, mdogo wangu, hata kama hukumwambia mtu. Watakuita Iringa.

Cheo wamempa mtu kutoka nje. Bomba bado linavuja. Ila boksi nimelichukua, liko nyumbani jikoni, tunawashia mkaa. Mercy nimemwambia aache maji yaonekane, na akianguka apige kelele mpaka wodini wasikie.

Mwanzoni niliacha salamu nikasema zitakuja mwisho kama zitapatikana. Uliniambia sikukuuliza, nilikuwa nakusubiri ujikwae. Ni kweli, na sina cha kujitetea. Sasa nauliza, na jibu lolote utakalonipa nitaliamini.

Ugonile, mdogo wangu? Umeamkaje, na mtoto ameamkaje?

Dada yako,
Tusekile